Ngoma Niliyofunzwa Jikoni

Nikiikumbuka harusi ile ya mjini Ibra, huku Omani, mpaka leo nakasirika upya.

Shangazi yangu alikuwa anamuoza bintiye kwa watu wa Nizwa, watu wenye nasaba zao, na tangu asubuhi keshatupiga marufuku: leo Kiswahili hapana, Kiarabu tu. Khanga zote zikafichwa kabatini. Ungesema mwanamke huyu hakuzaliwa Unguja, tena na mama mweusi kunishinda mie!

Ukumbini kwa wanawake, msichana wake wa kazi alikuwa akipitisha kahawa na halua. Mtu wa Kondoa, mpole, haongei mpaka aongeleshwe. Mara wapigaji wa kukodiwa wakapiga mdundo wa ngoma ya kwetu, ile ya kina mama ya kuzungusha kiuno. Mama wa bwana harusi akacheka, akamwambia shangazi kwa Kiarabu, "Mwambie huyo Mwafrika wenu atuchezee."

Na shangazi, badala ya kuona haya, akampokonya binti yule dele la kahawa. Akamnong'oneza kwa Kiswahili, "Haya, nenda katikati! Ngoma si ziko damuni mwenu?"

"Mama, mimi sijui ngoma. Kwetu tunasoma kaswida tu. Tafadhali, mama."

"Lo! Mswahili asiyejua ngoma!" Hilo kalisema kwa Kiarabu, wageni wasikie. Kicheko kikapasuka meza nzima, simu zikainuliwa tayari kumpiga picha. Yule binti kainamisha kichwa, machozi yanamlengalenga.

Damu! Damu gani? Mie kiuno najua kukizungusha, na sikufunzwa na damu. Nilifunzwa na shangazi huyuhuyu, siku chache kabla sijaolewa, jikoni kwake, mlango umefungwa, yeye anapiga sinia kwa mwiko na kunigombeza: "Taratibu, wee! Unatwanga?"

Nikainuka. Nikamshika binti mkono, nikamkalisha kwenye kiti changu. Shela nikaifunga kiunoni, nikaingia katikati mwenyewe. Wallahi nilicheza kwa hasira, na kiuno hakikunitupa. Nilikizungusha taratibu, vilevile nilivyofunzwa, mpaka waliokuwa wakicheka wakaanza kupiga vigelegele.

Mama wa bwana harusi macho yamemtoka. "Umejifunzia wapi wewe?"

"Kwa shangazi yangu," nikamjibu kwa Kiarabu, kwa sauti, nikamwonesha kwa kidole. "Huyo hapo. Naye kafunzwa na mamake, Unguja."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Shangazi akawa anajirekebisha mtandio ambao haukuwa na kasoro.

Nilipotoka alinifuata mpaka mlangoni, na Kiswahili chote alichokipiga marufuku kikamrudi kwa mkupuo. "Mtoto wa kaka yangu! Umenitia aibu mbele za watu!"

"Aibu gani, shangazi? Ulipokuwa unamtia mtoto wa mwenzio, haikuwa aibu?"