Sungura Waliozaliwa Ubaoni

Harufu ya mkojo wa sungura na majani yaliyolowa ukungu wa Julai, hata leo ikinipitia puani, hasira hunipanda upya. Ndiyo iliyokuwa harufu ya mikono yetu mwaka ule wa darasa la saba, mimi na Nasieku, tulipopewa kutunza sungura wa mradi wa shule pale Karatu. Nasieku alikuwa binti wa mfugaji wa Kimasai kutoka Arash. Baba yake alijuana na baba yangu mnadani, basi akamwachia mtoto akae kwetu kijijini Daa asome, ingawa wazee wenzake walimcheka kwamba anapoteza binti. Tulianza na sungura wanne mwezi wa kwanza. Mimi niliwahesabu kila jioni kwa kidole. Nasieku hakuhesabu, aliwajua mmoja mmoja kwa rangi, kama baba yake anavyowajua ng'ombe wake, na aliona pengo kabla mimi sijafika wa tatu. Baridi ilipokaza, vitoto vilikufa. Nilivililia kila kimoja, tukavizika nyuma ya banda, vilima vidogo kumi na vitatu. Tuliona haya kumwambia mtu. Nani huomboleza sungura?

Mwalimu wetu wa hesabu hakukanyaga bandani hata siku moja. Yeye alikuwa na grafu. Alitufundisha kwamba sungura huwa maradufu kila miezi miwili: wanne, wanane, kumi na sita, thelathini na wawili. Mstari ulianza chini kwa upole, kisha ukapanda kama njia ya kwenda ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Nakiri niliupenda. Niliota shule nzima tukila nyama, na mimi nikishona kofia za manyoya! Mwalimu aliichora upya kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi, maana mkaguzi alikuwa anakuja mwezi wa tisa, na mwezi huo ukuta ulisema sitini na wanne. Bandani walikuwa kumi na tisa.

"Arobaini na watano wako wapi, binti?" alimuuliza Nasieku mbele ya mstari wa asubuhi.

"Hao hawajazaliwa, Mwalimu."

Shule nzima ikaangua kicheko. Mwalimu akavimba. "Hesabu haidanganyi! Umewala!" Nilinyoosha mkono nikasema kumi na watatu tumewazika, njoo uone, nikaambiwa nikae kimya kabla sijapata fimbo zangu. Nasieku alichapwa viboko vinne, akaambiwa asirudi darasani bila mzazi. Mnyonge hana haki, na mbele ya grafu hana hata ushahidi. Kutwa nzima watoto walimwimbia, "Mla sungura! Mla sungura!" Watoto wa Karatu hao, waliojua fika kwamba kwa kina Nasieku mnyama wa porini haliwi hata njaa ikibisha hodi, na kwamba kwao sungura, awe wa banda au wa kichakani, ni wa porini tu.

Baba yake alikuja siku ya mnada, fimbo begani. Mwalimu alimwonyesha ukuta. Mzee aliufuata mstari kwa ncha ya fimbo yake.

"Mwalimu, hapa madume ni wangapi?"

"Hesabu hii haihitaji madume, mzee."

"Haya. Na wanaokufa unawaandika wapi?"

"Mzee, hii ni hesabu tu."

"Mimi nimechunga tangu utoto. Kundi lisilokufa sijaliona." Akamgeukia binti yake, akamwita mama kwa Kimasai. "Yeyo, chukua nguo zako. Walionicheka walikuwa na haki."

Nasieku aliondoka mchana ule, ikiwa zimebaki wiki chache amalize. Sikumwona tena. Mkaguzi alikuja, akausifu ukuta, akanywa chai, akaenda zake.

Juzi binti yangu, aliye sekondari, alinionyesha daftari lake. Vitabu vimebadilika, walimu wanaongea kwa upole, siku hizi mtoto anauliza swali asichapwe. Nalifurahia hilo kwa dhati. Lakini mstari ni ule ule, na chini yake sungura. Nikamuuliza wafu wako wapi. Akacheka, "Mama nawe! Ni hesabu tu." Maneno yale yale! Nikamnyang'anya penseli, nikachora pembeni mwa grafu yake vilima vidogo kumi na vitatu, na msichana mmoja anayekwenda zake na furushi la nguo. Nikamwambia, kesho umwonyeshe mwalimu wako, umwambie mama kasema hawa nao wahesabiwe.