Hindi Moja kwa Ndovu

Basi lile nililikodi mimi peke yangu. Sikuchangiwa na mtu. Lilijaa wafanyakazi wa timbo langu la mawe pale Junju, wake zao, na ndugu za mke wangu, na kila aliyekuwemo alikula na kunywa kwa jasho langu. Mimi shule niliacha darasa la nne. Nilianza kwa kuvunja mawe na nyundo ya kuazima, na leo kuna nyumba kutoka Mtwapa hadi Watamu zimesimama kwa mawe yangu. Kwa hivyo nilipotangaza kuwa sikukuu tunakwenda kutazama ndovu, hakuna aliyeuliza kwa nini ndovu.

Aliyenuna ni mmoja tu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye ni mkulima, bara ya Malindi huko, karibu na mwitu. Misimu miwili ndovu walimlia mahindi yote, na mara ya pili wakamwangushia ghala naye yumo ndani. Mguu ulivunjika, ukaunga vibaya. Sasa alikuwa na haja nami, na basi zima liliijua: nina ploti tupu kando ya timbo, naye alitaka wanawe wapate pa kulala pasipo ndovu. Alikuwa akimtuma dada yake kuniomba. Nikasema, aje aombe mwenyewe.

Kwetu mtu na shemejiye ni watani. Nikaanza mapema.

"Shemeji, wale wageni wako utawatambua? Waamkie vizuri, wamekula kwako."

"Nitawatambua," akasema. "Wana tumbo kama lako."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Utani ndio huo.

Ndovu wa pale hifadhini waliokotwa wangali wadogo, wamezoea watu. Unasimama nyuma ya ua wa magogo, unapewa majani, unamlisha. Mimi njiani nilikuwa nimenunua mahindi mabichi ya kwenda kuchoma. Nikatoa hindi moja nikamtia shemeji mkononi.

"Mlishe huyu hapa mwenyewe, na ploti ni yako. Leo hii. Mashahidi ni hawa wote."

Mtunza ndovu akaingia kati. "Mzee, mahindi hapana. Akiyaonja haya, kesho atatafuta shamba la mtu."

"Moja tu," nikamwambia. "Na huyu shamba lake lilishaliwa, hana cha kuharibiwa."

Wafanyakazi wangu walishika mbavu. Mke wangu akaninong'oneza, "Baba watoto, usimfanyie hivyo mbele za watu."

"Nampa ploti, nawe wasema namfanyia?"

Shemeji akasogea akichechemea. Ndovu akapitisha mkonga juu ya ua, ile pua yenye umajimaji ikamgusa kifuani, ikamshuka taratibu kufuata mkono. Mtu mzima akatetemeka mpaka kofia ikamtoka. Sitadanganya, niliona raha. Nikapiga makofi: "Mpe! Mpe, watoto wakalale!" Wengine wakaitikia.

Akarudi nyuma. Akalimenya lile hindi, akaliuma vivyo hivyo, bichi. Akala kimya, mstari kwa mstari, ndovu akiwa bado amenyoosha mkonga. Alipomaliza akanitupia gunzi miguuni.

"Ndovu alikula mahindi yangu, shemeji. Lakini hakuwaita watu waje wacheke."

Sasa, kwetu mtani akikasirika hutozwa kuku, awe mkubwa awe mdogo. Nikapaza sauti: "Amekasirika! Kuku!" Wafanyakazi wakadaka, "Kuku! Kuku!", wakaimba hivyo hadi ndani ya basi, na njia nzima ya kurudi yeye uso kaugeuzia dirishani.

Wako wanaosema nilikuwa mkali mno. Neno langu ndilo lililonifikisha nilipo. Nilisema mlishe, hakumlisha. Ningempa ploti baada ya kunitupia gunzi, nani pale timboni angenisikiliza tena?

Siku chache baadaye akaja kwangu na jogoo kamfunga miguu. Kamtoa bara kote huko, na mguu wake ule. Hakukaa, hata maji hakunywa.

"Ingia shemeji, ugomvi wa nini?"

"Faini yako hiyo. Na utani umeisha." Akamuaga dada yake, akarudi kwa watoto wake, na kwa ndovu.

Mke wangu alikataa kumpika yule jogoo. Nikamchinja mwenyewe, nikamchemsha mwenyewe, nikamtia nazi. Alikuwa mgumu, mifupa mitupu, jogoo wa mtu asiye na punje ya kumtupia. Nikammaliza, mezani peke yangu. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama, na kila nilipoinua kichwa alikuwa bado yupo.