Kuipasha Besi Joto

Nilihamishiwa Babati wakati mkoa wa Manyara ukiwa mpya kiasi kwamba baadhi ya barua zetu za ofisini bado zilikwenda Arusha kwa mazoea, halafu zikarudishwa kwa basi. Nilikuwa karani wa masijala. Kazi yangu ilikuwa kufungua majalada, kuyapa namba na kujua kila moja liko mezani kwa nani. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sijaolewa, sina mtoto, na katika mji ule hapakuwa na mtu hata mmoja aliyenijua kabla ya siku niliyoshuka stendi na godoro langu.

Nilipanga chumba Nakwa, kwa familia iliyolima mahindi nyuma ya nyumba. Walikuwa watu wema. Tulisalimiana asubuhi, tukasalimiana jioni, basi. Majirani waliponiuliza, "Wewe ni mama nani?" hawakuwa wachokozi, walitaka tu kujua waniite vipi. Nikisema sina mtoto, mmoja alisema, "Basi, dada." Nikawa dada wa pale, dada wa mtaa mzima, bila kuwa dada wa mtu yeyote.

Siku za kazi zilipita. Jumamosi ndiyo ilikuwa ngumu. Nilikuwa nikimaliza kufagia, kufua na kupika kabla ya saa nne asubuhi, na kutoka hapo siku ilikuwa imekaa tu mbele yangu. Ndiyo maana nilijiunga na kwaya ya kanisa. Mazoezi yalikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Niliimba sauti ya pili, nikasimama mstari wa nyuma, na mazoezi yakiisha nikatembea kurudi Nakwa nikiwa nimezungumza na watu angalau mara mbili tatu.

Kwaya ilikuwa na bendi ndogo. Mwalimu wa kwaya, ambaye siku za kazi alifundisha shule ya msingi, alipiga gitaa la rizimu. Gitaa la solo lilipigwa na ofisa mmoja wa mkoa, kijana mtanashati aliyepiga pasi hata kola ya fulana. Mpiga dramu alikuwa fundi wa mashine ya kusaga kule Singe, mtu mpole mwenye mikono mikubwa, aliyekuja mazoezini nyusi zikiwa bado na unga. Mpiga besi aliondoka siku moja kwenda Mererani kuchimba, hakuaga. Wiki mbili bendi ikapiga bila besi. Ya tatu, mwalimu akatugeukia sisi waimbaji.

"Kuna aliyewahi kushika gitaa hapa?"

Nilijifunza gitaa la kawaida nikiwa sekondari, kwa mtawa aliyetufundisha jioni. Mkono wangu ulikuwa umenyooka kabla sijafikiri. Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mwalimu hakucheka. Akaingia chumba cha vyombo, akatoka na besi, akanivika mkanda begani.

Nilishtuka kwa uzito wake. Halafu nikashtuka zaidi nilipoishika shingo, maana haikuwa mti. Ilikuwa chuma cheupe, alumini, baridi kama bomba la maji asubuhi. Upande wa nyuma walikuwa wamepachika vipande viwili vyembamba vya mbao, labda ili mpigaji asihisi baridi sana, lakini katikati chuma kilikuwa wazi kabisa. Kichwa chake kiligawanyika mara mbili kama panda ya manati. Ilikuwa ya zamani sana. Kanisa liliipata miaka ya nyuma, pamoja na spika mbili, wakati bendi moja ya dansi ilipokufa na vyombo vyake kutawanyika. Wenzangu waliiita Sufuria.

Nilijifunza. Nilifika Jumamosi saa saba, saa mbili kabla ya wenzangu, nikakaa peke yangu na ile besi kwenye benchi la mbele. Vidole vilitoka malengelenge, vikapona, vikawa vigumu. Kazini, katikati ya majalada, nilijikuta napiga nyimbo kwenye ukingo wa meza. Ulikuwa muda mrefu sijapata kitu cha kufikiria wakati wa kulala.

Shida ilianza mwezi wa sita, baridi ilipoingia. Ibada ya kwanza ilikuwa saa moja asubuhi, na saa hiyo ukungu ulikuwa haujatoka kwenye Mlima Kwaraa. Tulikuwa tunatyuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, kwa kufuata gitaa la solo. Nilikaza nyuzi zangu nne vizuri, tukaanza. Wimbo wa kwanza ulikwenda sawa. Kufika wa tatu sauti ya besi ilikuwa imehama. Haikuhama sana, lakini yeyote mwenye sikio angejua. Nikasahihisha haraka wakati wa masomo. Wimbo uliofuata, imehama tena.

Baada ya ibada mpiga solo alikuja akiwa anafunga waya wake taratibu.

"Dada, kabla ya kupiga mtu hujifunza kutyuni."

"Nilityuni. Inahama yenyewe."

"Gitaa langu mbona halihami?"

Nikairudisha besi chumba cha vyombo. Jumapili iliyofuata ikawa vilevile, na nyingine. Mwalimu alianza kuzungusha kitufe cha besi kwenye amplifaya, akipunguza sauti kila wiki, mpaka ikafika mahali nilipiga na kujisikia mwenyewe tu, tumboni. Hakuna aliyenifukuza. Ningeona nafuu kama wangenifukuza.

Niligundua sababu jikoni kwangu. Nilikuwa nimeinua kifuniko cha sufuria kilichokaa dirishani usiku kucha, kikakataa kukaa juu ya sufuria iliyokuwa motoni. Kilipopata moto kikakaa. Nikasimama pale na mwiko mkononi. Shingo ilikuwa inakuja ibadani ikiwa na baridi, inapata joto la mkono wangu wimbo baada ya wimbo, na inavyopata joto inatanuka, nyuzi zinahama nayo. Kumbe haikuwa mimi.

Nilimweleza mwalimu. Alisikiliza kwa heshima, akasema, "Inawezekana," kwa sauti ambayo mtu hutumia akitaka kwenda zake. Mpiga solo alicheka tu. Basi nikafanya nilichoweza kufanya peke yangu. Jumapili nilianza kuamka saa kumi na moja. Mlinzi wa kanisa alinifungulia mlango, nikaitoa besi, nikaketi nayo benchini, nikaifunika kwa kitenge kizito na kuikumbatia, shingo ikiwa imepita kwapani kwangu hadi begani. Nilikaa hivyo karibu saa nzima. Kanisani kulikuwa kimya, mabenchi matupu, harufu ya nta ya sakafu. Mara ya kwanza nilijicheka. Mara ya tatu au ya nne nililia, na sikujua hasa ninalia nini, ila nilikumbuka kwamba sikuwa nimekumbatia kitu chochote tangu nihame.

Besi ikaacha kuhama. Nilitegemea bendi sasa itakaa vizuri, na kwa kweli hakuna aliyelalamika tena. Lakini muziki ulibaki na tundu. Mimi na dramu hatukukutana. Yeye alikuwa na wimbo wake, mimi na wangu, tukipishana kidogo tu, kama watu wawili mlangoni.

Jumamosi moja mwezi wa nane, tukiwa mazoezini, alikuja mgeni. Alikuwa dereva wa lori, mtu mzima mwenye mvi, gari lake limeharibika na lilikuwa gereji likisubiri spea kutoka Arusha. Alisikia besi akiwa barabarani, akaja kusimama mlangoni.

"Shikamoo," tukamwambia.

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye kichwa cha gitaa. "Hiyo nimeipiga miaka minane."

Alisema alikuwa katika bendi ile iliyokufa. Aliniomba aishike, nikampa. Akaipitishia mkono shingoni, akatabasamu.

"Hii haipendi baridi. Tulikuwa tunailaza juani nusu saa kabla ya kuanza, la sivyo inakuaibisha."

"Kumbe," mwalimu akasema.

"Kweli, chuma hutanuka," mpiga solo akasema, kana kwamba amelifikiria yeye jambo hilo.

Hakuna aliyenitazama. Nikaenda kukaa kwenye benchi la waimbaji.

Yule mzee akaomba kupiga wimbo mmoja na wenzangu. Ulikuwa wimbo wetu wa kila wiki. Waliupiga kama sijawahi kuusikia. Mambo aliyopiga yalikuwa machache kuliko yangu, tena mepesi, lakini kila pigo liliangukia juu ya dramu kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake. Nilitafuta kwa macho anachofanya na mikono. Ilinichukua muda kuona kwamba halikuwa jambo la mikono. Alikuwa amegeuka, hawatazami watu, anamtazama mpiga dramu. Na mpiga dramu, ambaye miezi yote alipiga akiangalia ukuta, alikuwa anamtazama yeye, anacheka.

Walipomaliza, mzee aliirudisha besi kwangu, akashukuru, akaenda kuangalia gari lake. Hatukumwona tena.

Wiki nzima nilibeba jambo hilo. Jumamosi nikawahi, nikamkuta mpiga dramu peke yake akikaza ngozi za ngoma zake.

"Kaka, naomba nikuulize. Mbona mimi huniangalii tukipiga?"

Alijibu macho yakiwa kwenye ngoma.

"Dada, usinielewe vibaya. Wewe ni mwanamke uko peke yako. Mimi nina mke. Nikusimamishie macho ibada nzima, mbele ya kanisa lote, watasema nini?"

"Yule mzee ulimwangalia."

"Yule ni mwanaume."

Alisema bila ukali, na sikuweza kumlaumu. Mji ulikuwa mdogo. Nilimwambia nimeelewa, nikavaa mkanda wangu, nikasimama mahali pangu nikiwa nimempa mgongo kidogo ili asisumbuke.

Sikujua kwamba alikwenda nyumbani akamsimulia mkewe. Jumamosi iliyofuata mkewe alikuja mazoezini na mtoto mgongoni. Nilikuwa namjua kwa kumsalimia tu. Alikuwa Mgorowa, mwenyeji wa Babati, mrefu, Kiswahili chake kikiwa na lafudhi ya nyumbani kwao, na maneno yake yalitoka moja moja. Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokuwa, akanishika mkono.

"Kwenu ni wapi?"

Nikamwambia.

"Hapa una ndugu?"

"Sina."

Akamgeukia mumewe, akasema kwa sauti ya kutosha kwaya nzima kusikia: "Huyu ni wifi yangu kuanzia leo. Ni dada yako. Mtu akisema unamwangalia dada yako, mwambie aje kwangu."

Kisha akakaa benchi la mbele, akamhamishia mtoto mapajani, akatusubiri tuanze.

Siwezi kusema tulianza vizuri siku ile. Mpiga dramu aliona haya, nami niliona haya zaidi. Alikuwa ananitupia jicho na kuliondoa. Lakini kwenye wimbo wa nne au wa tano nilimwona anainua bega kidogo kabla ya kupiga ngoma kubwa, nikajua anapokwenda, nikaenda naye. Pigo likaanguka pamoja. Mwalimu, bila kugeuka, alinyoosha mkono kwenye amplifaya akaongeza besi.

Tulipiga hivyo kwa karibu miaka mitatu. Nasema tulielewana, na ninamaanisha hivyo. Mpiga solo hakuniomba radhi, ila alianza kuniletea soda ya chungwa mazoezini, akiiweka juu ya spika bila kusema ni ya nani. Mke wa mpiga dramu aliniita wifi kila aliponiona sokoni, na mara mbili tatu nilikula kwao Singe, sikukuu. Lakini nisidanganye. Mazoezi yakiisha kila mmoja alikuwa na pa kuwahi. Mwalimu alikuwa na madaftari, fundi alikuwa na mashine na watoto wanne. Saa kumi na mbili nilikuwa nimesharudi Nakwa, nafungua kufuli, nawasha redio ili chumbani pawe na sauti ya mtu. Tulijuana kwenye nyimbo kuliko nilivyowahi kujuana na watu, na nje ya nyimbo sikujua hata kama fundi anapenda chai ya rangi au ya maziwa.

Halafu kilikuja kinanda. Wafadhili wa kanisa walikileta, kipya, chenye dramu na besi ndani yake, unabonyeza tu. Hakuna aliyetuambia mapema. Tulifika Jumapili tukakuta jukwaa limefagiliwa, vyombo vyetu vimerudishwa chumbani, na binti wa mchungaji ameketi anajaribu vitufe. Alipiga vizuri. Watu walifurahi, na wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho hakuna sauti iliyohama.

Baada ya ibada tulijikuta wanne nje, ubavuni mwa kanisa. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama pamoja bila kitu mikononi. Mwalimu alisema labda tutaitwa kwenye sherehe kubwa. Mpiga solo akasema ndiyo, labda. Fundi alifuta unga usoni, ingawa ilikuwa Jumapili na hapakuwa na unga. Tukawa tunaangalia bajaji zinavyopita barabarani.

"Mimi niwahi shamba," mwalimu akasema mwishowe.

"Haya. Jumapili njema."

"Jumapili njema."

Wakaenda, mmoja upande huu, wengine upande ule. Nikangoja kidogo ili nisionekane nawafuata, ndipo nikashika njia ya Nakwa.