Mahari Bado

Kwetu Mitunguu herufi L ni mgeni, ikija haikai. Nilikua nikijua kwamba watu hurara usiku, wakaamka asubuhi, wakakura ndizi na maharagwe, na hakuna hata siku moja mtu alishindwa kuelewa mwenzake. Sikujua kwamba nina kasoro mpaka nilipoenda chuo kikuu kusomea uhusiano mwema na uandishi wa habari. Ndio, mimi. Kati ya kozi zote zilizokuwepo, nikachagua ile ya mdomo.

Wiki ya kwanza nilimgeukia msichana wa karibu yangu darasani nikamwambia, "Samahani, naomba karamu." Nilitaka kitu cha kuandikia. Akanitazama, akawageukia wenzake: "Jamani, huyu anataka sherehe!" Wakacheka mpaka mwalimu akauliza kuna nini, na mmoja akamwambia, na mwalimu naye akacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tangu siku hiyo nilibeba kalamu mfuko mzima nisije nikaomba tena, na nikipigiwa simu kutoka nyumbani nilitoka nje mbali, nyuma ya matangi ya maji, ndio nizungumze Kimeru na mamangu.

Mwalimu wa utangazaji alikuwa na amri mbili. Ya kwanza, fupisha. Sentensi ya redio, alisema, iwe fupi hata mtu anayekimbiza kuku aweze kuielewa. Ya pili ilinihusu mimi. Siku moja nilisoma taarifa ya mazoezi nikasema "pahali", vile kila mtu kwetu anavyosema, au tuseme ukweli, nilisema "pahari". Akanyoosha mkono nikome. "Pahali ni ya sokoni," akasema. "Redioni ni mahali." Nikaitikia kwa kichwa, na kuanzia hapo pahali nikaitupa kama nguo iliyochakaa.

Upande wa uhusiano mwema nao tulifundishwa kuomba msamaha bila kuomba msamaha. "Tunasikitikia usumbufu wowote uliojitokeza." Usumbufu wowote! Utadhani hujui kama upo. Nilipata alama nzuri sana katika somo hilo.

Mwaka wa tatu nilipata atachimenti, yale mafunzo ya kazini, katika kituo kidogo cha redio mjini Embu. Habari zilisomwa na wakubwa. Matangazo ya vifo, yanayofuata habari za saa saba mchana, hakuna aliyeyataka, kwa hivyo tuliachiwa sisi wanafunzi, na mwishowe nikabaki nayo mimi. Sikulalamika. Maiti hawacheki mtu, nilijiambia. Kila siku nilichukua kalamu nyekundu nikapigia mstari kila L iliyokuwa kwenye karatasi, halafu nikaenda mbele ya kipaza sauti nikiwa nimekaza ulimi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nyingi nilizivuka. Zilizonishinda, hakuna aliyepiga simu.

Siku hiyo tangazo moja lilichelewa. Lilitoka kwa familia moja ng'ambo ya Gachoka, huko chini kwenye ukame na mawe. Mama wa nyumba hiyo alikuwa amefariki. Walichimba kaburi kando ya nyumba wakagonga mwamba, wakachimba upande wa pili, mwamba tena. Kwa hivyo walikuwa wameandika kwamba mahali pa mazishi bado hapajapatikana, kwa sababu ardhi ni mawe matupu, na familia inaendelea kuzungumza. Mimi nikaona maneno yamezidi. Nikafupisha. Nikaandika: "Mahali bado. Familia inaendelea kuzungumza." Haki niliipenda hiyo sentensi, hata nikatamani mwalimu angeiona. Muda wa kupiga mistari myekundu haukuwepo, taa ya kuingia hewani ilikuwa tayari imewaka.

Nikasoma hewani, kwa sauti ya huzuni niliyofundishwa: "Mahari bado. Familia inaendelea kuzungumza."

Sikusikia kosa. Wallahi sikusikia. Nilitoka nikaenda kula mandazi.

Asiyejua mila za huku atasema ni jambo dogo. Si dogo. Kwa watu wetu, mwanamke ambaye ruracio yake, yaani mahari, haijalipwa hazikwi na mumewe hivi hivi. Watu wa kwao wanaweza kusimama mbele ya jeneza wakasema huyu bado ni msichana wetu, na mwanamume aliyeishi naye maisha yote anabaki akionekana kama mtu aliyeiba. Na marehemu huyu alikuwa ametoka kwetu Meru, pande za Nkubu, akaolewa huko Mbeere, iliko Gachoka. Ndugu zake walikuwa wamewasha redio wasikie dada yao anazikwa lini. Wakasikia, tena kwa kinywa cha familia yenyewe, kwamba mahari bado, na kwamba ati wanaendelea kuzungumza. Wanazungumza na nani, na wao ndio wenye msichana?

Kesho yake asubuhi mhariri wetu, mama mmoja asiye na subira, aliniita. Ndugu wa marehemu walikuwa wamefika kwa mume wake, mzee mmoja, na kusema mwili hautatoka mochari. Yule mzee alikuwa amepiga simu redioni. Hakupiga kelele, mhariri alisema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliuliza tu, "Mimi nilimaliza kila kitu. Mbona mmesema hivyo?" Mhariri akaniwekea rekodi nikajisikia mwenyewe. Mahari bado. R yenyewe ilikuwa imenyooka, imekamilika, R ambayo mtu angepewa alama zote. Nikahisi masikio yakiwaka moto.

"Wewe si unasomea uhusiano mwema?" akaniuliza. "Basi nenda ukauhusishe."

Nilienda nyumbani kwa mfiwa nikiwa na ukurasa mmoja nilioandika mwenyewe. Ulianza, naona haya hata kusema, na "Tunasikitikia usumbufu wowote."

Nilikuta viti vimepangwa pande mbili za uwanja. Upande mmoja ndugu kutoka Nkubu, makoti yao mazito ya baridi yakiwachoma kwenye joto lile, wakiongozwa na kaka mkubwa wa marehemu. Upande wa pili majirani na watu wa nyumba. Mbele ya wageni kulikuwa na chai, imepoa, imefanya ngozi juu. Hakuna aliyekuwa ameigusa. Nilipoiona ile chai ndipo nilipojua nilichofanya. Mkwe akikataa chai yako, amekataa yote.

Mume wa marehemu alikuwa mzee mrefu, mkimya, amekaa peke yake karibu na shimo la pili walilolikatia tamaa. Kila mtu alikuwa akimwonea huruma na kila mtu alikuwa akimtilia shaka, na hakuna anayejua kuficha vitu hivyo viwili kwa pamoja. Wazee waliopokea mbuzi na asali yake zamani walikuwa wameshakufa wote. Shahidi aliyebaki alikuwa mkewe, naye alikuwa mochari.

Nikasimama katikati. Ukurasa wangu nikaufungua, nikaufunga. Wangenipiga mawe, na mawe yalikuwa tele. Nikasema, "Baba, na wazee wote, kosa ni langu. Ni mimi nilisoma. Karatasi haikusema mahari. Ilisema mahari."

Mama mmoja upande wa majirani akashika mdomo.

"Rudia," kaka wa marehemu akasema.

"Ilisema mahari," nikasema, jasho likinitoka. "Si mahari, mzee. Mahari!"

"Sasa hiyo ni gani na hiyo ni gani?" akauliza, kwa hasira ya kweli. "Mahari na mahari! Unatuchezea, msichana? Sisi tumetoka mbari kuja kuchezewa?"

Woi. Nilikuwa nimefika chuo kikuu, miaka mitatu, nikiambiwa tofauti ya neno na neno, na sasa nilisimama mbele ya watu ambao hata kama ningelisema sawasawa, masikio yao yangelisikia yale yale. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wanasema. Mimi nilikuwa nimejikwaa mara tatu mbele ya wafiwa, na mzee yule alinitazama kama mtu anayetazama maji yake ya mwisho yakimwagika.

Nikalia. Sitadanganya kwamba nilifikiria jambo la busara. Nililia, nikaelekeza kidole kwenye lile shimo la mawe, na lililotoka likatoka lenyewe: "Pahari! Pahari ya kuzika! Pahari ndio ilikuwa bado!"

"Aaa," akasema kaka wa marehemu. "Pahari."

"Pahari!" wakasema majirani, wakageukiana. "Alikuwa anasema pahari!"

"Sasa mbona hukusema pahari?" akaniuliza yule kaka, na sauti yake ilikuwa tayari imeshuka. Ningemjibu nini? Kwamba nilifundishwa? Akainuka, akaenda mpaka kwenye shimo, akainama, akaugonga mwamba kwa fimbo yake. Akarudi, akamshika mfiwa bega, wakasemezana kidogo, yeye kwa Kimeru na yule kwa Kimbeere. Halafu akaketi na kuchukua kile kikombe cha chai iliyopoa. Akanywa na ile ngozi yake yote. Kwa mila zetu, kesi ilikuwa imeisha.

Jioni haikuwa imefika na walikuwa wameshapata udongo laini chini kidogo, kwenye shamba la ndengu. Mzee alinisindikiza mpaka kwenye ua. Nikaanza tena kumwomba msamaha, akanikatiza.

"Unajua mke wangu ndiye alitaka redio yenu?" akasema. "Saa saba ikifika anaacha kupepeta, anatuambia nyamazeni, mtoto wa kwetu anaongea. Namuuliza, huyo mtoto si anasoma watu wamekufa? Ananiambia wewe hujui, mimi sisikizi waliokufa. Nasikiza vile anaongea. Huku Mbeere amekaa miaka mingi, lakini Meru haikumtoka." Akatoa kipande cha gome kwenye ua. "Basi umsomee na yeye, msichana wangu. Tangazo lenye pahari yake. Lakini usome wewe. Usimpe mtu mwingine."

Nikamwahidi. Nilijua nimepewa heshima nisiyostahili, na nikaapa kwamba safari hii sitamwaibisha. Nilifanya mazoezi kama kichaa. Nilishika kalamu kwa meno bafuni nikasema mahali, mahali, mahali, mpaka msichana wa chumba cha pili akagonga ukuta. Nilisikiliza rekodi za wasomaji wakubwa nikaiga wanavyovuta pumzi. Kwenye karatasi nilipiga mistari miwili, si mmoja, chini ya kila L.

Saa saba nikasoma. "Mahali pa mazishi ni nyumbani kwake, katika shamba la familia." Ilitoka safi. L iliteleza kwa upole kama siagi kwenye sufuria ya moto. Mhariri aliinua kidole gumba kutoka upande wa pili wa kioo. Nilitoka studio nikiwa na furaha, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karamu nilijisikia ni mtu miongoni mwa watu.

Simu ya ofisi ililia. Mhariri akaipokea, akasikiliza, akanipa. "Ni yule mzee wa Gachoka."

Nikaichukua nikitabasamu.

"Naomba kuongea na yule msichana wa Meru," akasema.

"Ni mimi, baba."

Nyuma yake nilisikia watu, na sufuria zikigongana. "Nilikuwa nataka kumuuliza kwa nini hakusoma. Aliniahidi. Nimewasha redio, nimeiweka karibu na picha ya mama, tumekaa wote tukingoja. Akasoma mtu wa Nairobi."

"Baba, ni mimi nilisoma. Ni mimi huyu."

"Hapana," akasema, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mgeni aliyepotea njia. "Yule wetu angesema pahari."

Nikataka kulisema. Lilikuwa neno moja tu, na nilikuwa nimelisema maisha yangu yote. Lakini mhariri alikuwa amesimama pale pale, na wenzangu, na msomaji mkubwa wa habari alikuwa bado ananitazama kwa ile sura ya kunipongeza. Nikasema, "Nitamwambia kwamba umepiga, baba."

"Asante, madam," akanijibu, akakata.