Wifi Capitoline na Picha Isiyo na Pacha

Walimuua wifi yangu Capitoline kwenye uwanja wake, mbele ya jiko, kwa sababu ya picha. Watu wengi bondeni wanajua alivyokufa. Mimi nataka kueleza alivyoishi pia, maana kifo chake kilitoka katika kazi yake, na nilikuwa pale.

Alikuwa dada mkubwa wa mume wangu Sévère. Alipiga picha kijijini kwetu, upande wa chini wa Luberizi, pale mashamba ya mpunga yanapoanza. Ubatizo, komunyo ya kwanza, ndoa, vilio. Wachache walichukua picha za karatasi. Wengi walimwambia, "Tuwekee ku mashine," wakaenda zao, kama mtu anavyoacha mbuzi kwa jirani. Mashine ilikuwa ordinateri, kompyuta ya zamani, juu ya meza iliyotandikwa kitenge, ikinywa moto, yaani umeme, wa batri na pano ya jua. Ndani yake kulikuwa na mafaili manne makubwa: Ubatizo, Ndoa, Krismasi, Kilio. Hakuna maiti aliyezikwa kwetu bila Capitoline kumpiga picha kwanza, hata wale ambao hawakuwa wa kutazamwa.

Alikuwa na kanuni yake. "Picha isiyo na pacha ni maiti," alisema. Kila Jumamosi alinakili kila kitu ndani ya disiki ya pili, akaipeleka parokiani ikae sakristia, nyuma ya mishumaa. Hata alipotaka kukata picha, kwa mfano kumwondoa mlevi aliyesimama nyuma ya maharusi, hakugusa kitu kabla ya kutengeneza nakala ya ile nzima.

Nilimcheka. "Wifi, mlevi huyo unamutunzia nini?"

"Iko na mama yake," akajibu. "Kwanza pacha, kisha kisu."

Mimi ni mtu wa kuogopa. Nilikuwa hivyo tangu zamani, lakini binti yangu Inamahoro alipopigwa risasi kando ya mfereji, ndoo ikiwa bado kichwani, woga ukawa kazi yangu ya kila siku. Siku hiyohiyo waliompiga waliichoma nyumba yetu, pamoja na simu na picha zote za ukutani. Sura ya Inamahoro ikabaki kwa Capitoline peke yake, mara mbili. Moja ilikuwa katika Kilio, na hiyo siitaki, kwa sababu risasi ilipita shavuni. Nyingine ilikuwa katika Krismasi. Amevaa gauni la njano, anacheka hadi macho yamefungika, na pembeni yake amesimama kaka yake Irambona, mkono mmoja begani kwa dada yake, mkono mwingine umeshika bunduki.

Bunduki haikuwa yake. Kwetu, siku ya Krismasi, vijana wa ulinzi wa kijiji waliazimisha bunduki zao kwa ajili ya picha. Uliwapa chupa ya pombe, wakakuvika mkanda wa risasi, ukakunja uso mbele ya Capitoline, ukarudisha. Vijana wote walifanya hivyo, hata mtoto wa katekista. Irambona hajawahi kufyatua hata moja. Yeye anajua jembe na mpunga. Lakini picha haina mdomo wa kueleza.

Halafu vita ikashuka bondeni. Waliokimbia kutoka juu walitupitia na magodoro kichwani, wakatuambia kwamba wapiganaji wakifika kijijini hutazama simu kwanza, kisha huuliza nyumba ya mpiga picha. Kijiji kimoja waliitoa mashine nje, wakawapanga vijana, wakalinganisha sura. Waliofanana na picha hawakurudi kwenye mstari.

Siku chache kabla wapiganaji hawajatufikia, watu wasiojulikana walikuwa wamevunja sakristia. Walibeba mishumaa, divai na ile disiki. Kila kitu kikawa ndani ya mashine moja.

Asubuhi mabomu yalipoanza kuanguka upande wa Luberizi, nilimwambia Irambona ambebe mdogo wake Claudette anisubiri migombani, nikakimbia kwa wifi. Nilimkuta ameketi mbele ya mashine, flashi ndogo ya kunakilia imechomekwa, anatazama mstari wa kijani ukitembea polepole.

"Futa ile picha," nilimwambia. "Hapana, vunja mashine yote. Vunja sasa!"

"Ubatizo imeisha kuingia. Ndoa imeisha. Kilio iko naingia."

"Capitoline! Banafika!"

"Nasikia. Minye si kiziwi." Hakugeuka. "Kila mutu iko humu, Mama Irambona. Mama yetu iko humu. Nikivunja sasa, nimebazika mara ya pili."

Nilisimama mlangoni kulinda. Bomu moja liliangukia kwa majirani. Niliona bati likiruka juu kama sahani, kisha mbuzi akavuka njia akiburuta matumbo yake mwenyewe. Nyuma ya mbuzi alikuja mzee, bila viatu, akishika mkono wake uliovunjika kama kitu cha mtu mwingine. Hakuniona.

"Batri?" niliuliza.

"Iko nakufa. Krismasi yote naiacha hapa. Bunduki ni nyingi mule, siwezi kuchagua."

Moyo wangu ulianguka, ingawa nilikuwa nimekuja kuomba hivyo hivyo. Aligeuka akanitazama usoni, kwa muda mfupi sana.

"Ile moja nitaikata," alisema. "Inamahoro anabaki, Irambona na bunduki banatoka. Simama pale, angalia njia."

Sikumwona akikata. Nilisikia kipanya kikilia chini ya vidole vyake, tik, tik, na alikuwa akinung'unika: "Mkono... mkono hautoki, iko ku bega. Basi, ubaki." Kisha akaichomoa flashi, akaifunga kwenye kipande cha sasheti ya plastiki, akaisukuma ndani ya bonge la bugali la jana lililokuwa ndani ya sahani. Akanitia bonge lile mikononi.

"Nenda."

"Na weye?"

"Disiki iko mu tumbo la mashine. Nikiiacha, batoto ba batu banakufa." Alikuwa ameshachukua bisibisi.

Nilitoka nyuma, kwenye choo cha matete. Hapo nilisimama. Kati ya matete niliuona uwanja wote. Nilisikia mchi ukipiga jiwe mara nyingi, ngu, ngu, kama mtu anayetwanga sombe, majani ya muhogo, kisha sauti za wanaume.

Walikuwa watatu. Walimtoa kwa nywele.

"Mupiga picha ni weye?"

"Ni minye."

"Sura ziko wapi?"

Capitoline alionyesha jiwe la kutwangia. Vipande vya disiki viling'aa juu yake kama magamba ya samaki. Mmoja alivigusa kwa kiatu, akacheka. "Mama huyu ametwanga ordinateri! Atapika nayo nini?" Wa pili hakucheka. Alimpiga kwa kitako cha bunduki mdomoni, Capitoline akaanguka, yeye akampiga tena akiwa chini, mkononi, ule mkono wa kazi, mpaka nikasikia mifupa.

"Nakala iko wapi? Watu wa mashine huwa na nakala!"

Capitoline alitema meno. "Ilikuwa sakristia," alisema. "Muliiba na mishumaa."

Sijui kama waliiba wao. Yule wa pili alimpiga risasi mbili, kifuani na shingoni, na damu ilifika hadi kwenye vipande vya disiki. Niliuma bonge la bugali ili nisilie.

Njiani kuelekea Uvira, kabla ya Sange, wapiganaji walikuwa wameweka bariere, kizuizi cha njia, na watu wakapangwa mstari. Ni kwenye mstari ule, nikiwa nimeshika chakula changu kifuani, ndipo wazo lilinijia likanigandisha. Kwanza pacha, kisha kisu. Maisha yake yote Capitoline hakuwahi kukata picha bila kuiwekea kwanza pacha nzima. Je, leo pia? Basi nilikuwa nimembeba mwanangu na bunduki yake ndani ya bugali, na mwanangu mwenyewe alikuwa hatua moja nyuma yangu. Kuitupa nisingeweza, macho yao yalikuwa juu ya mikono yetu.

Mbele yetu walifungua simu ya kijana mmoja. Waliangalia, wakamwonyesha mwenzao, wakamvuta pembeni hadi kwenye mtaro. Alikuwa akisema, "Ilikuwa Noeli, kaka, ilikuwa ya kucheza tu." Risasi ilimkatiza hapo. Viatu vyake walivivua kabla hajatulia.

Irambona alikuwa amemfunga Claudette mgongoni kwa kitenge, mikono yake yote miwili nyuma, chini ya mtoto. Mpiganaji alimcheka.

"Kijana, weye ni mama? Unanyonyesha pia?"

"Dada yangu iko mugonjwa," alisema Irambona, macho chini.

"Na weye, mama, lete hicho."

Alilivunja bonge kama mkate. Flashi ikatoka. Alinipiga kofi lililonifanya nisikie kengele, kisha akachomeka flashi kwenye simu yake kwa waya mfupi. Akaanza kupitisha kidole. Watoto wa ubatizo. Maharusi. Maiti, maiti, maiti.

"Mbona muko na wafu wengi hivi?"

Kidole kilifika mwisho. Nilimwona Inamahoro akicheka, gauni la njano. Nilisubiri kidole kisogee kwenye inayofuata.

Hapakuwa na inayofuata.

"Huyu ni nani?"

"Binti yangu. Amekufa."

Akaisogeza simu karibu na macho. "Na huu mkono begani? Ni wa nani?"

Ulikuwa mkono uliokatwa kwenye kiwiko, wenye kovu la mundu juu ya kidole gumba. Nyuma yangu nilimsikia Irambona akimkaza Claudette mgongoni.

"Wa shangazi yake," nilisema. "Mupiga picha."

"Iko wapi?"

"Amekufa leo asubuhi."

Alinitazama mdomo, uliokuwa na bugali na damu. Kisha akaichomoa flashi, akaitupa mavumbini. "Beba wafu wako. Pita."

Niliiokota. Irambona alipita na mikono yake nyuma, chini ya mtoto, na hakuitoa mpaka tulipofika Kiliba.

Uvira tulimkuta Sévère; alimlilia dada yake siku nyingi. Mimi nilikwenda sekretaria moja, duka la kuchapa karatasi na picha, karibu na soko, kwa kijana anayeitwa Pontien, Irambona akiwa nami. Pontien aliifungua picha, akatabasamu, kisha akakunja uso.

"Mama, huu mkono unaharibu. Nakuondolea, kazi ya dakika."

"Ngoja," Irambona alisema. Aliuweka mkono wake mezani, karibu na kioo, kovu juu. Pontien aliutazama, akatazama picha, akaacha kipanya.

"Tengeneza pacha," nilimwambia. "Tengeneza tatu. Halafu usikate kitu."