Plasta ya Mlangoni

Juzi, katika ofisi ya wasanifu majengo wanaokarabati makanisa ya zamani, hapa Sekei, nilimkuta mzee wa kanisa kutoka Ngaramtoni. Msanifu, mwanamama aliyekuwa akisugua macho kwa uchovu, alimwonyesha picha ya ukuta wa kanisa lao unaomomonyoka.

"Ukuta ulijengwa kwa mawe na chokaa, mzee. Plasta ya saruji imefungia unyevu ndani. Nani alipiga hii plasta?"

Mzee akavua kofia. "Nilisimamia mimi, mwanangu. Tulitaka lipendeze. Kwenye ripoti andika ni mvua."

"Nitaandika plasta, na kwamba ibanduliwe yote. Jina sitaandika."

"Jina langu tulilichora kwenye saruji hiyohiyo, pale mlangoni." Akavaa kofia. "Basi anzeni kubandua hapo."

Ningekuwa mimi, ningeomba pale mlangoni pawe pa mwisho.