Asumini ya Shamsia

Pale Lusahunga, nyuma ya duka la Halfani, kuna mmea umeparamia uzio hadi paa la jiko, na ua hauna. Majani tu! Na Mwanamvua, mke wa Halfani, aliulea kuliko watu wanavyolea wakwe.

Aliyeupanda ni binti yao Shamsia, masika ya mwaka juzi. Alikuja na kijiti kimefungwa kitambaa kibichi, akasema, "Asumini hii, mama. Ikichanua nyumba itanukia." Masika hayakuisha, homa ikamchukua. Na tangu khitima ya arobaini, kila magharibi harufu ya asumini inaingia nyumbani. Si ndoto, hata Halfani anaisikia, na inamtisha.

"Ua hakuna, harufu inatoka wapi?" alisema. "Hiyo si kheri, Mama Shamsia. Ramadhani haitaukuta mti huo hapa. Naukata."

Mwanamvua aliingiwa na hofu. Alitaka ua moja tu, apate kusema: harufu ni ya mmea, basi, mwanangu amelala salama. Akazidisha samadi ya mbuzi, akamwagia maji ya vyombo asubuhi na jioni, kama migomba inavyolishwa huku. Mmea ukanenepa, ua ng'o.

Akamwita jirani yake Nyirabahizi, mkulima, mtu asiyejua kuremba maneno.

"Yuu! Umeuvimbisha," akasema Nyirabahizi. "Mgomba ndio haushibi. Huu ukishiba unalala. Uache uione njaa." Akasugua jani kwa kidole gumba. "Na asumini siyo, Mama Shamsia. Jani la asumini ni laini, hili linakwaruza kama msasa."

"Ni asumini. Mwanangu alisema."

Nyirabahizi hakubishana. Wakakata matawi marefu, wakakwangua samadi shinani, wakapunguza majani ya mgomba yaliyoziba jua. Maji wakaacha kabisa. Vuli ikakatika, vumbi la malori likaukalia mmea. Kila akipita Mwanamvua alisikia uchungu, mkono ukimwasha kuchota maji, akajizuia. Halfani naye akaanza kunoa panga.

Shaabani ikielekea ukingoni, jioni moja akatoka nalo. Mara akapiga kelele, "Mama Shamsia, njoo uone!"

Vishada vya maua ya zambarau vilining'inia uzio mzima. Mwanamvua alilia kwa furaha, jamani. Akavuta kishada, akakinusa. Akanusa tena. Akakifikicha, akanusa vidole.

Hakikuwa na harufu hata chembe.

Jua lilikuwa linazama. Halfani akaliweka panga chini, maana harufu ya asumini ilikuwa imeshaanza, nzito, nayo ilitokea ndani, kwenye chumba cha Shamsia ambacho hakijafunguliwa tangu msiba. Akamshika mkewe mkono.

"Usiende."

"Ni mwanangu huyo, Baba Shamsia," akasema Mwanamvua. "Leo nimwogope?"

Akajitoa mkononi mwake, akaenda kufungua mlango.